Kutembelea Lisboa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri wa Afrika Mashariki

Maswali haya huulizwa na karibu kila mtu wa kwetu anayejiandaa kwenda Lisboa, mji mkuu wa Ureno. Yanayostahili maelezo marefu nimeyapa nafasi, na yanayomalizika kwa sentensi mbili nimeyaacha hivyo hivyo. Nimemwandikia hasa msomaji aliyesikia habari za Wareno akiwa darasani, au aliyepita mbele ya Ngome ya Yesu pale Mombasa akajiuliza watu hawa walitoka wapi.

Kwa nini Lisboa, wakati kuna Paris, London na Roma?

Kwa sababu Lisboa inatuhusu. Tarehe 8 Julai 1497 merikebu nne za Vasco da Gama ziling'oa nanga Belém, kwenye mdomo wa mto Tejo. Aprili 1498 zile zilizosalia zilifika Mombasa, ambako hapakuwa na kuaminiana, zikasogea Malindi. Mfalme wa Malindi aliwapokea na kuwapa rubani wa kuwavusha bahari hadi Calicut, India. Kilichofuata tunakijua: mwaka 1502 da Gama alirudi na kuilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa na kuiteka, kisha akaendelea hadi Mombasa, akaupora mji na kuuchoma moto, mwaka 1593 ukaanza ujenzi wa Ngome ya Yesu, ambayo Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili.

Hayo yote tumeyasoma tukiwa tumesimama upande wetu wa bahari. Lisboa inakuonyesha upande wa pili: mali ilifikia wapi, ilijenga nini, na watoto wa huko wanasimuliwa nini kuhusu safari hizo. Paris ni nzuri, lakini huko Mswahili ni mtazamaji tu. Lisboa ana sehemu yake ndani ya habari yenyewe.

Nikifika, nianzie wapi?

Watu wengi watakwambia Belém au tramu namba 28. Ushauri wangu ni tofauti: anzia Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho ya sanaa za kale lililopo mtaa wa Rua das Janelas Verdes. Watalii wengi hawafiki huko, na wanaofika huenda moja kwa moja kwenye michoro maarufu ya Hieronymus Bosch na Nuno Gonçalves. Wewe ulizia Custódia de Belém.

Ni monstransi, yaani kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea Hostia ili iabudiwe. Imetengenezwa kwa dhahabu na kupambwa kwa rangi za kioo kilichoyeyushwa, na urefu wake unapita kidogo sentimita 70. Katikati wamepiga magoti mitume 12, kila mmoja na uso wake, na juu yao kuna minara midogo iliyochongwa kwa ustadi ambao macho hayaufikii kwa mara moja. Kazi hiyo inahusishwa na sonara Gil Vicente. Dhahabu yake ilitoka Kilwa.

Si hadithi ya mitaani. Pembezoni mwa kitako yameandikwa maneno ya Kireno kwamba Mfalme Manuel I aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba ilikamilika mwaka 1506. Jina la Kilwa liko pale, limeandikwa kwa herufi za enzi hizo. Mtawala wa Kilwa wakati huo, Amiri Ibrahim, alikuwa amebanwa na mizinga ya Vasco da Gama mwaka 1502, akatoa mithkali 1,500 (kipimo cha zamani cha uzito) za dhahabu ili mji wake usibomolewe. Da Gama akaifikisha Lisboa mwaka 1503. Dhahabu hiyo nayo ilikuwa na safari yake kabla ya hapo: ilichimbwa katika nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, ikapanda majahazi kuelekea Kilwa, na utajiri uliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulitokana na biashara hiyo hiyo.

Kilwa Kisiwani leo unaona kuta za matumbawe na kuba zilizosalia. Lisboa unaona dhahabu. Naomba kila Mtanzania anayepata nafasi ya kufika mji huu akitazame chombo hiki kwa macho yake, na amwambie mtoto wake alichokiona. Kabla ya kwenda, angalia tovuti ya jumba hilo, kwa sababu vyumba vyake hufungwa mara kwa mara kwa ajili ya ukarabati.

Belém kuna nini, na ni mbali?

Kutoka katikati ya mji panda tramu namba 15 au treni ya kuelekea Cascais kutoka kituo cha Cais do Sodré. Haichukui nusu saa. Tenga angalau nusu siku.

Jengo kubwa kuliko yote ni Mosteiro dos Jerónimos, nyumba ya watawa iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa amri ya Manuel I. Sehemu kubwa ya fedha zake ilitokana na tozo ya asilimia 5 kwenye biashara ya Afrika na Asia, hasa viungo. Tazama nguzo zake: zimechongwa kamba za merikebu, matumbawe, majani na wanyama wa nchi za mbali. Bahari imeingizwa kanisani. Ukiingia mlango mkuu wa kanisa utakuta kaburi la Vasco da Gama, na upande wa pili kaburi la mshairi Luís de Camões. Da Gama alifia Cochin, India, mwaka 1524. Mifupa yake ilirudishwa Ureno baadaye, na kuhamishiwa hapa mwaka 1880. Kule mbele, makaburi ya wafalme yamebebwa na tembo wa marumaru.

Sijui mtu wa Kilwa au Mombasa anapaswa kuhisi nini mbele ya kaburi hilo. Mimi hukaa kidogo, nikawakumbuka waliokuwa ndani ya miji ile siku mizinga ilipolia, kisha nikatoka uani. Ua huo wa ndani, wenye varanda za ghorofa mbili pande zote nne, ni miongoni mwa majengo mazuri kuliko yote niliyoyaona Ulaya, na uzuri wake naukubali bila kusahau ulivyolipiwa. Kuingia uani hulipiwa. Kununua tiketi mapema kwa intaneti kutakuokoa na foleni ndefu ya juani.

Torre de Belém, mnara wa ngome uliojengwa kati ya miaka 1514 na 1520 hivi, uko mwendo mfupi kando ya mto. Chini ya mojawapo ya vibanda vyake vya walinzi kuna kichwa cha kifaru kilichochongwa kwenye jiwe, kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa Lisboa kutoka India mwaka 1515. Mnara wenyewe unapendeza zaidi kwa nje. Ndani ni vyumba vitupu na ngazi nyembamba, kwa hiyo ukikuta umefungwa kwa matengenezo usihuzunike.

Baina ya hivyo viwili limesimama Padrão dos Descobrimentos, mnara wa saruji na mawe wenye umbo la merikebu na sanamu za watu 33. Ulijengwa kwanza mwaka 1940 kwa vifaa vya muda, wakati wa utawala wa dikteta Salazar, ukajengwa tena wa kudumu mwaka 1960. Chini yake, sakafuni, kuna dira kubwa ya marumaru yenye kipenyo cha mita 50 na ramani ya dunia katikati. Dira hiyo ni zawadi ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi. Mwaka na mtoaji vinakuambia mengi kuhusu fikra za waliousimamisha: nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikipandisha bendera zao mwaka huo huo.

Je, mji wenyewe unasimulia utumwa na ukoloni, au ni sifa tu?

Sifa zimejengwa kwa mawe makubwa. Mengine yapo, ila lazima uyatafute. Haya ndiyo ninayoyapendekeza.

Nenda Largo de São Domingos, hatua chache kutoka uwanja wa Rossio. Katika kanisa la hapo watu weusi wa Lisboa, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na chama chao cha kidini cha Bikira Maria wa Rozari. Katikati ya karne ya 16, mtu mmoja kati ya kila kumi hivi mjini alikuwa mtumwa, na wengi wao walikuwa Waafrika. Uwanja huo huo una ukumbusho wa Wayahudi waliouawa katika mauaji ya mwaka 1506. Ndani, kanisa lina nguzo zilizoungua na kupasuka kwa moto wa mwaka 1959, na waliolikarabati waliziacha zionekane vile vile. Nje utawakuta Waafrika, wengi kutoka Guinea-Bissau, wamekaa wakizungumza na kuuza bidhaa. Wasalimie.

Upande wa magharibi wa mji kuna mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, Mtaa wa Shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme aliamuru lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa bila maziko. Sasa mtaa una mikahawa. Ukipita, ujue unapita wapi.

Halafu kuna Museu do Aljube, karibu na kanisa kuu. Lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Salazar. Tangu 2015 ni jumba la makumbusho ya upinzani dhidi ya udikteta, na linaeleza pia harakati za ukombozi wa makoloni. Hapa Mtanzania atajiona. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kikaanza vita mwaka 1964 kikiwa na kambi zake Tanzania, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Vita hivyo vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau ndivyo vilivyowachosha maofisa wa jeshi la Ureno. Tarehe 25 Aprili 1974 wakaipindua serikali yao wenyewe. Waziri Mkuu Marcelo Caetano alijificha kwenye kambi ya polisi wa kijeshi Largo do Carmo, askari wakaizingira, akasalimu amri jioni hiyo. Mwaka uliofuata Msumbiji ilikuwa huru.

Kwa hiyo ukikaa chini ya miti ya Largo do Carmo, kaa ukijua kwamba wanavijiji wa Mtwara na Ruvuma, waliopokea wakimbizi na kuishi na vita mpakani, wana mchango katika kilichotokea kwenye uwanja huo. Wareno wengi wa makamo wanalijua jambo hili vizuri, na ukiwaambia unatoka Tanzania mazungumzo yatafunguka.

Kwa nini katikati ya mji mitaa imenyooka wakati pembeni ni vichochoro?

Kwa sababu ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, makanisa yamejaa na mishumaa inawaka. Ardhi ikatikisika kwa dakika kadhaa, mawimbi makubwa yakapanda kutoka mtoni, na moto ukaunguza mji kwa siku nyingi. Maelfu kwa maelfu walikufa. Jumba la kifalme lililokuwa kando ya mto likatoweka na maktaba yake.

Waziri aliyeshika usukani, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliamuru eneo la Baixa lijengwe upya kwa mitaa mipana iliyonyooka. Ndani ya kuta wahandisi waliweka fremu ya mbao zilizopishana, ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Ni miongoni mwa majaribio ya kwanza Ulaya ya kujenga kwa kuzingatia tetemeko. Uwanja wa Praça do Comércio, pale mtoni, umekaa juu ya mahali pa jumba lile lililoanguka. Jirani yake palikuwa Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya mashariki. Karani wake mmoja mkuu, João de Barros, aliandika historia iliyochapishwa mwaka 1552, na ndani yake aliweka habari za wafalme wa Kilwa alizozipata kwenye maandishi ya Kilwa yenyewe. Watafiti wa historia ya Pwani bado wanaisoma.

Kuliona tetemeko kwa macho, panda hadi Convento do Carmo. Kanisa lilibaki bila paa, matao yake yamesimama wazi chini ya anga, na halikuezekwa tena.

Alfama na Mouraria ni salama? Kuna nini huko?

Ni salama mchana na jioni, na ndiko mji ulikopumua muda mrefu zaidi. Waislamu waliutawala mji huu kwa zaidi ya miaka 400, mpaka mwaka 1147 ulipotekwa na Mfalme Afonso Henriques akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba. Kanisa kuu, Sé, lilianza kujengwa baada ya hapo mahali palipokuwa na msikiti mkuu. Ndani ya Castelo de São Jorge, ngome iliyo juu ya kilima, utakuta misingi ya nyumba za Waislamu iliyofukuliwa na wanaakiolojia. Walioshindwa walihamishiwa nje ya ukuta, Mouraria, na hadi leo mtaa huo ni wa wageni: Wabangladeshi, Wapakistani, Waafrika, Wachina.

Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu hatapata shida Alfama. Acha ramani mfukoni, fuata mteremko, utatokea mtoni.

Tramu namba 28 ni lazima?

Hapana. Ni behewa dogo la manjano linalopanda vilima toka Martim Moniz hadi Campo de Ourique, na njia yake inapendeza kweli. Lakini kuanzia saa nne asubuhi foleni ni ndefu, ndani mnasongamana, na vibaka wanaipenda kuliko nyinyi. Ipande kabla ya saa mbili asubuhi, au panda namba 12 inayozunguka Alfama.

Kuhusu zile tramu za kamba zinazovutwa mlimani: Elevador da Glória iliacha njia tarehe 3 Septemba 2025, watu 16 wakafariki, na huduma za aina hiyo mjini zikasimamishwa zikaguliwe. Uliza hotelini zipi zinafanya kazi.

Usafiri wa kawaida ukoje?

Rahisi. Uwanja wa ndege uko kwenye njia nyekundu ya metro, kwa hiyo huhitaji teksi kama mzigo wako ni mdogo. Nunua kadi ya Navegante kwenye mashine ya kituoni, iwekee fedha, na uitumie kwenye metro, mabasi, tramu, vivuko na treni za karibu. Kila mtu na kadi yake. Hamuwezi kuchangia moja. Kivuko cha Cais do Sodré kwenda Cacilhas kina nauli ndogo, na kutoka majini unauona mji wote kwenye vilima vyake. Nakipendelea kuliko boti za watalii.

Nina mama mzee (au magoti mabovu). Tutaweza?

Mtaweza, kwa kupanga. Mji wote ni vilima, na njia za miguu zimetandazwa mawe madogo ya chokaa yanayoteleza, hasa baada ya mvua. Viatu vya soli ya mpira ni lazima kwa kila mtu. Mzee mpeleke Belém, Praça do Comércio na Parque das Nações, ambako ni tambarare, na kwa vilima chukueni teksi hadi juu kisha mteremke taratibu.

Chakula, hasa kwa anayekula halali?

Samaki wamejaa, na hapo ndipo Mwislamu anapopumua. Mfalme wa meza ni bacalhau, samaki mkubwa wa bahari za baridi aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Ni ng'onda wao, na wanamthamini kuliko samaki mbichi. Hulowekwa siku nzima au zaidi ndipo apikwe. Jaribu bacalhau à Brás, aliyechambuliwa na kuchanganywa na mayai na viazi vyembamba. Juni ni msimu wa sadini za kuchoma, na usiku wa tarehe 12, mkesha wa Mtakatifu Antoni, vichochoro vya Alfama hujaa moshi wa majiko.

Jihadhari na nyama ya nguruwe inayoingia kimyakimya. Supu ya mboga iitwayo caldo verde huwekewa kipande cha soseji, na vitu vingine vya unga huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza: "Tem porco? Tem banha?", yaani kuna nguruwe? Kuna mafuta ya nguruwe? Wahudumu hawaoni vibaya kuulizwa. Nyama halali utaipata Mouraria, kuzunguka Martim Moniz na Rua do Benformoso.

Na usiondoke bila kula chamuça. Ni sambusa, iliyofika Ureno pamoja na watu wa Goa na Msumbiji, na huuzwa kwenye mikahawa ya kawaida kabisa pamoja na kahawa. Keki ndogo za maziwa na mayai, pastéis, zinapatikana kila kona. Duka la Belém linaloziuza tangu 1837 lina foleni inayokwenda haraka.

Jambo moja la mfukoni: mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa mezani kabla hujaagiza si takrima. Ukivigusa vinaingia kwenye bili. Usipovitaka, sema "não, obrigado" (mwanamke husema "obrigada") virudishwe, na hakuna atakayenuna.

Nitapata pa kuswali?

Ndiyo. Msikiti Mkuu wa Lisboa, karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa mwaka 1985, na jamii iliyoujenga kwa sehemu kubwa ilitoka Msumbiji. Mouraria kuna misikiti midogo, na Ijumaa hufurika. Waismailia wana kituo chao kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1998, na makao ya Uimamu wao yako mji huu huu. Aga Khan IV alifariki hapa Februari 2025.

Viza inapatikanaje?

Ureno imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda na Mkongomani wote wanahitaji viza. Ya matembezi inaruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kuondoka. Omba mapema: unaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kuwahi ni bora kwa sababu nafasi za miadi huisha. Wanachokiangalia zaidi ni ushahidi kwamba utarudi, yaani barua ya kazi, taarifa za benki, biashara, familia. Usinunue tiketi isiyorudishwa fedha kabla ya jibu.

Wenye ukaazi wa nchi za Schengen, kwa mfano Waswahili waliopo Ujerumani au Uholanzi, wanaingia kwa kibali chao na pasipoti.

Msimu gani mzuri?

Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na watu ni wengi mno. Novemba hadi Februari mvua hunyesha na nyumba nyingi hazina joto la kutosha, ila bei hushuka. Saa za huko ziko nyuma ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa mbili kiangazi na tatu wakati wa baridi.

Gharama zipi watu husahau?

Kodi ya utalii ya mji: euro 4 kwa kila usiku kwa kila mtu kuanzia miaka 13, isiyozidi usiku 7. Hulipwa hotelini, juu ya bei ya chumba. Pia majumba mengi ya makumbusho hufungwa Jumatatu. Anayetua Jumapili jioni na kuondoka Jumanne asubuhi huwa amelipia safari na kukosa nusu ya mji.

Fado ni nini, na mwanasoka Eusébio wanamkumbuka?

Fado ni uimbaji wa majonzi na gitaa, uliozaliwa katika mitaa ya kimaskini ya mji huu. Katika nyumba za fado taa hupunguzwa na watu hunyamaza kabisa, ukizungumza utatazamwa. Nyumba nyingi huuza chakula kwa bei ya juu ili kufidia muziki, kwa hiyo uliza kiwango cha chini cha matumizi kabla ya kuketi.

Eusébio wanamkumbuka kwa mapenzi makubwa. Alizaliwa mwaka 1942 Lourenço Marques, leo Maputo, akaja kuchezea klabu ya Benfica ya hapa Lisboa, na mwaka 1966 akawa mfungaji bora wa Kombe la Dunia kwa mabao 9. Sanamu yake iko nje ya uwanja wa Benfica, na tangu 2015 amezikwa Panteão Nacional, jengo jeupe lenye kuba pembeni mwa Alfama, alikolala pia malkia wa fado Amália Rodrigues. Kijana wa Afrika Mashariki aliyezikwa na Taifa la Ureno kwa heshima zote: mpelekee salamu.

Nina siku moja tu, ndege yangu inapita hapo. Nifanye nini?

Kama si Jumatatu, acha mzigo uwanjani na uchukue metro hadi mjini. Asubuhi nenda moja kwa moja Janelas Verdes ukaione dhahabu ya Kilwa. Toka hapo teremka mtoni upande tramu namba 15 hadi Belém, uingie kanisa la Jerónimos na utembee hadi kwenye ramani ya sakafuni. Chakula cha mchana kula huko huko, mtaa wa nyuma, mbali na foleni. Rudi Praça do Comércio, vuka Baixa kwa miguu hadi Rossio na São Domingos, kisha panda Largo do Carmo. Ukibakiwa na saa mbili kabla ya kurudi uwanjani, zitumie Museu do Aljube. Ngome na tramu namba 28 viache kwa safari nyingine.